Breki ya Sebuleni

Ukikaa miaka nenda rudi kwenye kiti cha pembeni ukifundisha watu kuendesha gari, mguu hujifunza kuona hatari kabla ya kichwa. Ndivyo alivyo mwalimu wa udereva. Mkewe akijaza chai hadi ukingoni, mguu wake wa kulia unakanyaga sakafu: breki! Jirani akianza umbea, breki! Jana binti yao alimleta mchumba, naye kijana akatamka kwamba wanataka kuoana mwezi ujao.

"Karibu sana, mwanangu," mwalimu akajibu, meno yote nje. Lakini chini ya meza ndala ilipiga sakafu pu! Vikombe vikaruka.

Binti akanywea. "Mama, baba amekataa?"

"Wala," mama akanong'ona, akifuta chai. "Hiyo ni breki ya woga tu; huyu akikataa hushika usukani."