Jino la Kisigino cha Nanga

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa nyundo na kiatu kibovu, nikaambiwa nikivunje. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimetoka Masasi nikiwa na elimu ya darasa la saba tu, na nilidhani nimekuja kujifunza kutengeneza viatu. Fundi Mkuu wa karakana ile, mtaa wa nyuma ya Msimbazi, hakuinua hata kichwa.

"Kivunje polepole," alisema. "Toa soli, toa uzi, toa kila msumari. Ukimaliza uniambie aliyekitengeneza alikosea wapi."

Nilivunja viatu miezi miwili kabla ya kuruhusiwa kushona kimoja. Nawaandikia vijana mnaonunua viatu vilivyogandishwa kwa gundi, kwa hiyo nieleze kidogo. Sisi tulishona. Tulitoboa ngozi kwa msharasi, ile sindano nene yenye mpini wa mti, tukapitisha uzi uliopakwa nta ili maji yasiingie. Kiatu kilivikwa kwenye chuma chenye umbo la mguu, nawe ukagonga juu yake. Mchana kutwa karakana ililia nyundo, na tuliongea kwa kupaza sauti hata tulipokuwa tumekaa bega kwa bega.

Karakana yetu ilijulikana kwa daluga za mpira. Wachezaji wa vilabu vya mjini walileta zao kwetu, na wale walioitwa timu ya taifa pia. Daluga za siku zile zilikuwa za ngozi hadi meno yake. Jino moja lilikuwa vipande vitatu vya ngozi ngumu vilivyokatwa mviringo, vikapangwa kimoja juu ya kingine na kupigiliwa misumari mitatu kwenye soli. Mbele meno manne, nyuma mawili. Msumari ulipaswa kuwa mrefu kiasi cha kupenya soli yote, ukagonga kile chuma ndani na kujikunja ncha. Ncha iliyojikunja ndiyo iliyoshika jino. Juu yake tuliweka ngozi nyembamba ili mguu usichomwe.

Fundi Mkuu alikuwa na sheria moja kuhusu meno. "Mchezaji akilalamika kwamba msumari unamchoma, badilisha ngozi ya ndani. Msumari usiuguse. Akikuomba, akikubembeleza, hata akilia, usiuguse."

Katika karakana ile nilijifunza kuwajua wachezaji kwa soli zao. Watu jukwaani walitazama mpira unakwenda wapi, mimi nilitazama ngozi imelika wapi. Winga mmoja aliyesifiwa mji mzima alileta daluga zilizolika upande mmoja tu, nikajua kwamba ana mguu mmoja wa kazi na mwingine wa kusimamia. Kipa mmoja meno yake ya nyuma hayakuisha kamwe, maana alisimama kwa vidole muda wote, tayari kuruka. Lakini kiatu nilichokipenda kuliko vyote kilikuwa cha beki namba tano wa timu ya taifa, waliyemwita Nanga. Meno yake yalilika sawasawa, yote sita, kama yamepimwa. Mtu wa namna hiyo hayumbi, na wala hakimbilii mpira, kwa kuwa ameshafika utakapoangukia. Nilimwona akicheza mara nyingi, na kila nilichokiona uwanjani nilikuwa nimeshakisoma kwenye soli.

Baadaye nilipata ajira karakana ya reli Gerezani, sehemu ya kushona viti vya mabehewa. Msimamizi wetu alikuwa mtu mfupi mwenye chaki sikioni. Kila mshonaji alipewa namba, na ukimaliza kiti uliiandika kwa chaki chini yake, mahali abiria hawaoni. Namba yangu ilikuwa kumi na saba. Kiti kikichanika, Msimamizi aliinama, akasoma, akaja kwako bila kelele. "Kumi na saba," angesema, "twende ukaione kazi yako." Hakumfokea mtu. Alikupeleka tu ukaione.

Nilipoacha reli nilifungua benchi langu mwenyewe Kariakoo, kibarazani mbele ya duka la jumla la vyombo la Shirima, mtu wa Kilimanjaro ambaye wakati huo alikuwa kijana kama mimi. Nanga alinifuata huko. Benchi lilikuwa langu na sikuwa na namba, wala mtu wa kuinama kusoma.

Kosa langu nililifanya Ijumaa. Kesho yake timu ya taifa ilikuwa inacheza na wageni kutoka nchi jirani, na sare ingetutosha kusonga mbele. Nanga alikuja mchana, ameshika daluga ya kulia.

"Fundi, kisigino kinanichoma," alisema. "Nikigeuka nasikia kama nimekanyaga mwiba."

Dawa niliijua: kubandika ngozi mpya ndani na kuacha gundi ikauke hadi kesho. Lakini kambini walimtaka saa kumi. Nilimtazama mtu niliyemhusudu kuliko wote, nikaona siwezi kumpeleka kwenye mechi ile anaumia. Nikang'oa misumari mirefu ya jino moja la nyuma, nikapiga mifupi ambayo haikufika ndani. Nisijipambe, haraka nayo ilichangia. Akavaa, akaruka mara mbili kibarazani, akacheka. "Sasa ni kiatu," alisema.

Nilikuwa jukwaani Jumamosi ile. Nanga alicheza kama sijawahi kumwona. Wageni walipiga mipira ya juu, akaifuta yote. Tulikuwa bao moja kwa moja na mwamuzi ameshaanza kutazama saa, pale mpira mrefu ulipopita juu ya kichwa chake. Akageukia kisigino cha kulia ili akimbie nao. Mguu ukatoka chini yake. Mshambuliaji akapita peke yake, akafunga. Uwanja mzima ulisema Nanga ameteleza. Mimi peke yangu nilijua alichotelezea.

Jumatatu alikuja benchini. Alinisalimu kama kawaida, akaweka daluga mbele yangu, kisha akatoa mfukoni lile jino na kuliweka kando yake. Misumari yake mitatu ilikuwa imenyooka.

"Nililiokota baada ya filimbi," alisema. "Weka jingine. Safari hii mirefu."

"Nitawaambia watu," nikasema.

"Uwaambie nini? Una mtoto mchanga na benchi moja. Wakijua, hakuna atakayekuletea hata kandambili. Mimi bado nina mechi nyingi."

Hakuwa nayo hata moja. Hakuitwa tena timu ya taifa, na kabla ya mwaka kuisha maneno ya "aliteleza" yalikuwa yamegeuka kuwa "aliuza". Yeye hakujibu mtu, na mimi nilinyamaza. Niliogopa mwanzoni, na baadaye nilizoea. Jino lile nililiweka kwenye kikopo cha misumari, na kwa zaidi ya miaka arobaini nililiona kila nilipofungua kazi.

Mwaka jana macho yalianza kuniacha, nikatundika msharasi. Lakini kibaraza ni kilekile, na kijiwe kimebaki. Shirima amezeeka dukani, na Bakari wa Lindi, aliyesukuma mkokoteni sokoni maisha yake yote, huleta kahawa. Kazi yetu ni kubishana kuhusu wachezaji wa zamani.

"Namba tano ni Sementi wa Tanga," Shirima alikuwa akisema. "Yule mwingine ni muuza mechi."

"Wewe mpira uliuona redioni," Bakari alikuwa akimjibu. "Siku ile ulikuwa unahesabu masufuria."

"Redio haikusema alianguka?"

"Redio ilisema alianguka. Haikusema bei."

Mimi nilikunywa kahawa yangu.

Nanga alifariki mwanzoni mwa mwaka huu. Nilikaa msibani siku tatu, na siku ya mwisho binti yake Mwanahawa, anayeuza vitenge mtaa wa pili kutoka kwetu, alikuja kunishukuru kwa kuwa nao. Nikamuuliza mbona simwoni akipita kwetu, nasi tu jirani.

"Nazunguka, mzee wangu," alisema kwa upole. "Pale mbele ya duka la Mzee Shirima baba yangu anafungwa goli kila siku."

Nilirudi nyumbani kwa miguu. Nilimsikia Msimamizi, marehemu siku nyingi, akiniita kwa namba yangu twende nikaione kazi.

Wiki iliyofuata Shirima alikata ubavu wa boksi la vyombo ili aandike kikosi bora cha wakati wote, kibandikwe ukutani, ubishi uishe. Aliandika wachezaji kumi kwa kalamu nene. Ikabaki namba tano.

"Fundi Alfonsi hajawahi kupiga kura," Bakari alisema akininyooshea kidole. "Leo aseme. Hawa wote alishika viatu vyao."

Nilichukua kile kikopo cha misumari, nikalitoa jino na kuliweka juu ya boksi. Nikawaeleza yote, tangu mwiba wa kisigino hadi maneno ya Jumatatu. Niliwaonyesha misumari ilivyo mifupi na ilivyonyooka. Sikuacha kitu.

Wapagazi walipita na mizigo yao, wakatuzunguka. Bakari alikuwa wa kwanza kusema. "Kwa hiyo miaka yote hii tumekaa na mtu aliyetufunga, na kahawa namletea mimi."

Shirima hakucheka. Alilishika jino, akaligeuza, akalirudisha. "Umeniacha nikamtukana mtu hadi amezikwa," alisema. "Na viatu nilivyovaa nikimtukana umevishona wewe."

"Ndiyo," nilijibu.

Aliingia ndani, hakutoka tena siku ile. Siku nne hakuniitikia salamu, na nilikuwa nastahili. Siku ya tano alivaa koti, akaniambia, "Twende." Tulikwenda duka la vitenge. Nilirudia mbele ya Mwanahawa kila neno, nikiwa nimesimama. Alisikiliza huku akikunja kitenge, akakikunjua, akakikunja tena.

"Baba alisema uwanja ulikuwa umelowa," alisema mwishoni.

"Ulikuwa mkavu," nilimwambia.

Shirima alimwomba radhi, yeye asiyejua kuomba. Mwanahawa hakusema ametusamehe, nasi hatukumdai jibu. Tulipoaga alituuliza tu kama baba yake alikuwa hodari kweli, au watu walisema hivyo kwa sababu ni msiba. Nikamweleza kuhusu meno sita yaliyolika sawasawa. Hapo ndipo alipolia.

Mkiniuliza kazi yangu ilinifundisha nini, nitasema machache. Nilishona maelfu ya viatu na vingi vilikuwa vizuri, na sivionei haya. Ila fundi hatambuliwi kwa vile vilivyodumu, kwa sababu mwenye kiatu kizima hamkumbuki. Fundi Mkuu alinipa kiatu kibovu siku ya kwanza nimwambie aliyekitengeneza alikosea wapi. Imenichukua hadi kustaafu kumjibu.

Boksi limebandikwa ukutani, na namba tano ni Nanga. Mwanahawa siku hizi anapita mtaa wetu. Hakai, husema shikamooni na kuendelea na safari yake. Juzi alisimama, akasoma jina la baba yake, kisha akainama kutazama tarakimu ndogo za chaki nilizoandika chini ya boksi, mahali wapita njia hawaoni.

"Kumi na saba," alisoma. "Huyu mchezaji gani, mzee?"

"Si mchezaji," nilimwambia. "Ni fundi."