Ukungu Ndani ya Lenzi

Mpiga picha za harusi wa mtaa wetu hapa Kuching, mji wa joto na unyevu, huifuta lenzi kwa pindo la mtandio, taratibu, kama anayemfuta mtoto pua. Lakini ukungu ulikuwa umeota ndani, kamera haijamaliza mwaka, na msimu wa harusi umeanza. Akarudi tena dukani alikoinunua.

“Mama, umeimwagia maji,” alisema karani, Zulhelmi. “Hiyo haimo kwenye dhamana.”

Mpiga picha hakupandisha sauti, si kawaida yake. Aliomba kamera mpya iliyokuwa kabatini, akaielekeza dirishani, akaichungulia lenzi, akamrudishia.

“Na hii, mwanangu, nani kaimwagia?”

Zulhelmi alichungulia. Nyuzi zilezile nyeupe zilikuwa zimetambaa ndani ya kioo.

“Tutakubadilishia, Mama. Tutakupigia simu.”

“Nasubiri hapa hapa,” alisema, akavuta kiti.