Baba na Bi Mkubwa wa Bustani ya Wanyama

Mama yangu alikuwa na mzaha mmoja ambao hakuuchoka. Mgeni akiuliza baba yuko wapi, alijibu, "Yuko kwa bi mkubwa. Mimi ni bi mdogo tu hapa, nasubiri zamu yangu." Mgeni akishtuka, ndipo mama anacheka na kumweleza kwamba Bi Mkubwa ni tembo.

Baba alikuwa mtunza wanyama katika bustani ya wanyama ya jiji. Bustani yenyewe ilianza kama uwanja wa nyumba ya tajiri mmoja mgeni, aliyependa kuwaonyesha rafiki zake simba baada ya chakula. Alipoondoka aliwaacha wanyama kama mtu anavyoacha samani, na manispaa ikawarithi. Ikajenga vizimba vya zege na nondo, ikachimba bwawa la mamba, ikaweka mabango ya buluu yenye jina la kila mnyama na chakula chake. Enzi hizo watoto wa shule walipanga foleni mpaka barabarani. Kulikuwa hata na dubu, zawadi ya serikali moja ya mbali, aliyeshinda ndani ya beseni la maji kwa kuzidiwa na joto. Alipokufa, bango lake halikuondolewa. Akafa chui, wakafa pundamilia, na mabango yakabaki vilevile, hata wageni wakawa wanasimama mbele ya kizimba kitupu wakidhani mnyama kajificha.

Baba aliajiriwa kufyeka nyasi. Alihamishiwa banda la tembo baada ya mtunzaji wa kwanza kubanwa ukutani na kuvunjwa mbavu. Hakuna mwingine aliyeitaka kazi hiyo. Tembo walikuwa wawili, dume mzee na jike aliyeletwa akiwa bado mdogo. Haukupita muda dume akafa. Walimburuta kwa trekta, na yule jike akaenda kusimama palepale mwenzake alipokuwa amelala. Akagoma kula. Baba hakujua la kufanya. Alichukua kigoda, akaketi upande wa pili wa nondo, akawa anakula chakula chake cha mchana huku akimsimulia habari za nyumbani: kwamba mimi nimeanza kutembea, kwamba mama kagombana na jirani kwa sababu ya kamba ya kuanikia nguo. Siku moja mkonga ukapenya kati ya nondo, ukachukua ndizi mkononi mwake. Tangu hapo baba hakula mchana mahali pengine, na wenzake wakampa yule jike jina la Bi Mkubwa.

Sisi watoto tuliijua harufu yake kabla hatujamjua mwenyewe. Baba alirudi jioni na vumbi la nyasi kavu kwenye nywele, na mama alimvulisha viatu nje ya mlango. Lakini ni mama huyohuyo aliyemwekea maganda ya matikiti kwenye mfuko, akisema, "Mpelekee mke mwenzangu, asije akasema namnyima."

Mama alifariki kwa ugonjwa wa figo. Kesho yake baada ya maziko baba alivaa sare yake akaenda kazini, wageni wa msiba bado wamejaa sebuleni. Shangazi, dada yake baba, alikasirika.

"Watu watatuonaje? Udongo wa kaburi haujakauka, yeye yuko na wanyama. Nenda kamrudishe baba yako."

Nilikwenda. Nilimkuta ameegemeza paji la uso kwenye nondo, na Bi Mkubwa amemwekea mkonga begani. Baba alikuwa analia kwa sauti, jambo ambalo nyumbani hakulifanya mbele ya mtu yeyote. Nikageuza njia. Shangazi nilimwambia sikumwona.

Miaka ikapita, na manispaa ikaamua kuifunga bustani. Nyani na mamba walipelekwa huku na kule. Tembo akapatiwa nafasi kwenye hifadhi ya mbali, penye tembo wengine walioopolewa katika maisha kama yake. Akaja daktari wa wanyama, mama mmoja wa makamo asiye na haraka, na kontena la chuma lenye matundu.

"Mzee," alimwambia baba, "nikimchoma sindano ya usingizi kwa umri huu, huenda asiamke. Inabidi aingie mwenyewe. Na mtu anayeweza kumwingiza ni wewe peke yako."

"Nitasafiri naye?"

Daktari alitikisa kichwa. "Ukienda naye, hatawafuata wenzake. Atasimama getini akikusubiri wewe."

Baba aliitikia kwa kichwa. Kwa wiki nyingi akamfundisha. Kwanza alikula chakula chake karibu na lile kontena, kisha mlangoni, kisha ndani kabisa, na Bi Mkubwa akamfuata hatua kwa hatua, mguu mmoja, halafu miguu miwili, mpaka akazoea kuingia na kutoka kama anaingia chumbani kwake. Jioni baba alirudi nyumbani akakaa tu. Chakula nilichompelekea nilikikuta kimepoa.

"Namfundisha aniamini," aliniambia mara moja, "ili nimfungie mlango."

Nilimwambia ni kwa faida yake. Akasema anajua.

Siku yenyewe ilipofika, baba aliingia kwanza, akaita. Bi Mkubwa akaja. Baba akatokea kwenye kijimlango cha mbele, na lango la nyuma likashushwa. Tulidhani atafanya fujo. Hakufanya. Alitoa ncha ya mkonga kwenye tundu, akawa anapapasa hewani, huku na huku, na baba akausogelea akaushika mpaka lori lilipowashwa.

Mwaka uliofuata nilimpeleka kumwona. Yule daktari alitupokea vizuri, akatuonyesha tembo wanne kwa mbali wakirusha vumbi. Kisha akamshika baba mkono. "Mzee, nakuomba kitu kigumu. Usimwite. Amechukua muda mrefu kuwazoea."

Tukasimama nyuma ya uzio. Upepo ulikuwa unavuma kutoka kwetu kwenda kwao. Bi Mkubwa akaacha kula, akainua mkonga juu, akaanza kuja. Alifika nusu ya njia akasimama, anavuta harufu. Baba alivua kofia akajiziba nayo mdomo. Nyuma kule mmoja wa wale tembo akanguruma, na Bi Mkubwa akageuza sikio. Alisimama hivyo, katikati, kwa muda ambao mimi niliona hauishi. Mwishowe akageuka akawafuata wenzake.

Tukiwa njiani kurudi baba alisema, "Amenenepa." Baadaye akaniomba nisimamishe gari. Alishuka, akaenda akachuchumaa nyuma ya kichaka, na mimi nikabaki nimeshika usukani, naangalia mbele. Aliporudi macho yalikuwa mekundu. Akafunga mkanda na kusema, "Twende, usije ukachelewa kuwachukua watoto."

Aliishi miaka kadhaa baada ya hapo. Kila nilipompa wazo la kwenda tena alikataa kwa upole. "Mwache akae na wenzake," alikuwa akisema, kisha anauliza habari nyingine.