Rwakabuba na Miti Yenye Majina ya Ng'ombe

Eliezeri Rwakabuba alipopata kazi ya kufyeka nyasi katika bustani kongwe kuliko zote mjini Mbarara, mwaka 2006, alishangaa mno. Ekari tatu za nyasi tamu, na kibao cha kukataza watu kuzikanyaga. Yeye, mfugaji wa milima ya Kivu Kusini aliyekuzwa kwa maziwa ya ng'ombe, aliona huo ni wazimu wa watu walioshiba. Hata hivyo alishika fyekeo, akaanza kazi.

Kila Jumatatu alitoka Kashojwa, kijiji cha kambi ya wakimbizi ya Nakivale, akimwacha mkewe Mukakalisa na shamba la mahindi. Ijumaa alirudi na habari za bustani, hata usipomuuliza. Wageni wa bustani nao hawakusalimika. Aliwasimulia juu ya Mzungu aliyepanda mijakaranda ya kwanza, wanajeshi waliopiga hema chini yake, na maharusi waliokuja kupiga picha. Hayo yote aliyaokota kwa mzee aliyemtangulia kazini, lakini ungeapa alikuwepo, tena ndiye aliyemshikia Mzungu ndoo ya maji.

Tatizo lake ni kwamba hakuweza kuchunga kitu kisicho na jina. Mjakaranda mkubwa akauita Bihogo, wa pili Gaju, wa tatu Sine. Mukakalisa alipoambiwa kwamba Gaju hajisikii vizuri, aliuliza kama daktari wa mifugo ameshaitwa.

Mwaka 2013 akaja ofisa wa barabara, mama wa Kinyankole, na daftari mkononi. Barabara ilikuwa ikipanuliwa, na miti yote ya upande wa barabara ingekatwa, isipokuwa minne. Rwakabuba akatakiwa aeleze historia ya kila mti. Aliipenda miti ile kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Akaanza: Bihogo mpole, Gaju mgonjwa, Sine mkaidi.

Ofisa akashusha kalamu. Mtu wa Ankole, nchi ya wafugaji, hafundishwi ng'ombe.

"Mzee, hii yote ni majina ya ng'ombe."

"Ndiyo, madame. Ni ng'ombe zangu za kule Kongo."

Mama yule akacheka, kisha akaacha. "Sawa. Wewe chagua minne. Chukua ile ya zamani, watu wanapenda kivuli."

Rwakabuba akaenda moja kwa moja hadi pembeni mwa barabara, akaonyesha miche minne aliyoipanda mwenyewe, iliyomfika magotini.

"Hii? Hata mbuzi hawezi kupata kivuli hapa."

"Madame, ile mwaka ya vita nilikimbia na ng'ombe za kubwa. Ndama nikaziacha, juu ya sababu hazikuweza kutembea mbali. Zilibaki fasi ile, kwenye zizi, zinalia. Mpaka leo nazisikiaka."

Ofisa akaiandika miche minne daftarini.

Bihogo aliangushwa Jumanne. Siku hiyo Rwakabuba aliinywesha ile miche mara tatu, machozi yakimtoka, wala hakugeuka kutazama misumeno.