Gari Pofu

Maziwa yakimwagika juu ya bati lililopigwa jua hutoa harufu isiyotoka tena. Uoshe kwa sabuni ya unga, uoshe kwa majivu, uache milango wazi wiki nzima, bado utaikuta inakungoja. Hiyo ndiyo iliyokuwa harufu ya gari letu. Ichanganye na petroli, na vumbi la barabara ya Sosiot, na ule ukali wa majani ya chai yanayonyauka ambao upepo ulituletea kutoka kiwandani, utapata harufu ya baba yangu akirudi nyumbani. Wengine huwakumbuka baba zao kwa tumbaku au kwa koti la kanisani. Mimi nikinusa maziwa yaliyochacha, hata kwenye friji ya mtu, hujikuta nina miaka tisa, nimekaa kiti cha mbele, magoti yamebanwa na mtungi uliokosa nafasi huko nyuma.

Lilikuwa pikapu la Pijo, rangi ya chai ya maziwa, gia kwenye usukani, na mlango wa abiria ulifunguka tu kama umepitisha mkono dirishani na kuubembeleza kwa nje. Kila asubuhi Baba alilizungusha kwenye vilima vya Belgut akikusanya maziwa ya majirani, akayashusha Litein, na siku za soko alikwenda mpaka Mulot kuleta mahindi. Leo kazi yangu ni kuandika maoni kuhusu magari, na siandiki juu ya yale ya mbio ambayo vijana hubandika picha zake ukutani. Naandika juu ya gari la mwalimu, la nesi, la mama wa mboga. Nimeambiwa mara nyingi kwamba nina mdomo, na ni kweli. Siwezi kulipenda gari ambalo ukitaka kupunguza baridi lazima upapase kioo kama simu huku lori linakujia. Sielewi kwa nini kila mtu anataka jeupe au la kijivu, na ukimwuliza anakujibu kwamba ndilo linalouzika haraka. Yaani mtu amenunua gari akimfikiria atakayelichukua baada yake, na yeye mwenyewe anakaa ndani kama mgeni. Baba hakuwahi kufikiria kuliuza lile la kwetu. Alilinunua akiwa kijana, akaliita kwa jina la ng'ombe wa mama yake, na akilipandisha mlima alikuwa analisemesha.

Nyumbani kwetu tulizungumza Kiswahili, na si kwa sababu ya usomi. Baba alikuwa Mkipsigis wa hapahapa. Mama alikuwa wa kutoka upande wa ziwa. Baba yake aliletwa na kazi ya kiwanda, na Mama akakulia kwenye nyumba za wafanyakazi katikati ya chai. Lugha ya mume ilimshinda mke na ya mke ikamshinda mume, basi wakakutana kwenye Kiswahili, ambacho kila mmoja alikivunja kwa namna yake. Mama hakuiweza "sh": shamba lilikuwa samba na shule ilikuwa sule. Baba yeye alizikausha herufi, gari likawa kari, dereva akawa tereva, gia ikawa kia, na kitu kibovu kwake kilikuwa pofu. Siku moja alileta viazi kutoka Mulot akaomba radhi kwamba vingine ni pofu, na Mama akamwuliza, "Sasa nivinunulie miwani?" Tulicheka mpaka Baba mwenyewe akashika mlango. Huo ulikuwa utani wetu mkubwa, na kwa sababu yake sote tulijiona mabingwa wa kumtafsiri Baba. Alisema, tukasahihisha kichwani, tukaendelea na mambo yetu.

Mwaka nilipokuwa na miaka tisa mvua ziliingia mapema na ukungu ukakataa kuondoka. Ulilala kwenye mashamba ya chai mpaka saa nne, ukarudi kabla ng'ombe hawajakamuliwa jioni. Ndipo Baba alipoanza kulalamika. Alikuwa akiingia, anavua kofia, anaikung'uta maji, anasema, "Mama Chebet, hii kari imekuwa pofu." Akarudia kesho yake, na wiki iliyofuata. Mama akamwita Anko Ouma, ndugu yake, aliyekuwa fundi wa magari pale Litein na ambaye alimpenda shemeji yake kuliko alivyowapenda ndugu zake wengine. Anko Ouma alikuja na sanduku lake la spana, akafungua boneti, akashinda pale siku nzima. Alisafisha kabureta, akabadilisha plagi, akaliendesha mpaka barabara kubwa na kurudi.

"Semeji, hii gari haina sida," alisema akifuta mikono.

"Lakini pado ni pofu," Baba akamjibu.

"Inakusumbua saa ngapi?"

"Jioni. Na asupuhi kukiwa na ukungu. Mchana ni afadhali."

Anko Ouma aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyepata jibu. Akatueleza kwamba ni baridi, baridi inaingia kwenye plagi, akatafuta kipande cha blanketi akakifunga mahali fulani ndani ya injini. Baba alimtazama akikifunga, hakusema neno. Nimeufikiria ukimya ule miaka mingi. Labda alichoka kueleza. Labda mtu aliyeendesha gari maisha yake yote hawezi kufungua mdomo na kusema sioni, ila anaweza kusema gari halioni, akatumaini kwamba watu wake watamwelewa. Sisi tulimwelewa haraka mno.

Kulikuwa na dalili nyingine, kila moja na maelezo yake. Alisogeza kiti mbele mpaka kifua kikakaribia usukani, nasi tukasema ni mgongo. Watu waliompungia mkono kando ya barabara akawapita bila kuwajibu, wakaanza kunong'ona kwamba Pijo imempandisha kichwa, na Mama akawa anawaombea radhi wake zao kanisani. Mimi, Jumamosi na siku za likizo, nilipewa cheo. "Wewe uangalie upande wako," aliniambia. "Ukiona mtu, sema mtu. Ukiona ng'ompe, sema ng'ompe." Nilidhani ananifundisha udereva. Nilikaza macho kwenye ukungu na kutangaza kila kilichotokea upande wa kushoto, mtu, mtu, baiskeli, mbuzi, mtu, naye akawa anapinda kidogo na kusema asante, mama, asante. Sijawahi kuwa na furaha kama ile kwenye gari lolote, na nimekalia mengi.

Kisha nikapata homa nikabaki nyumbani. Jioni nilikuwa mlangoni mwa jikoni nimejifunika shuka niliposikia Pijo ikishuka kutoka barabarani. Mama alikwenda kufungua lango, akasimama kando, upande wa kushoto, mahali aliposimama siku zote, ndoo mkononi. Gari likaja. Halikuja kwa kasi, na pengine hilo ndilo lililotisha, kwa sababu lilimwendea polepole, taa zinawaka, kana kwamba limemchagua. Mama alipiga kelele akajitupa kwenye michai. Ndoo ilipigwa ikabingirika mpaka kwenye ukuta wa zizi, na gari likasimama baada ya kulala kwenye nguzo ya lango.

"Baba Chebet! Unataka kuniua? Hukuniona?"

Baba alikuwa bado ameshika usukani. "Si nimewaampia," alisema. "Kila siku nawaampia. Pofu."

"Na kama ni bovu si Ouma ametengeneza!"

Baba aliachia usukani. Akaweka vidole viwili juu ya kope zake, taratibu, kama anavyofanya mtu anayemwonyesha mtoto mdogo pua iko wapi. "Hapana," alisema. "Pofu, Mama Chebet. Pofu."

Mama alinyanyuka kutoka kwenye michai, majani yamemshika nywele. Alifungua ule mlango mgumu wa abiria, akaingia, akakaa mahali pangu. Sikusikia walichoambiana. Niliona tu mabega ya Baba yakitikisika, na nikaelewa kwamba baba yangu analia, na nikaogopa kuliko nilivyoogopa gari lilipokuwa likimwendea Mama.

Hospitalini walisema ni presha ya macho. Daktari alikuwa mpole. Alieleza kwamba ugonjwa huu huanza kula pembeni, mtu akabaki anaona kama anayechungulia kwenye bomba, na kiza au ukungu huongeza shida. Kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi, na dawa ya matone ingejaribu tu kulinda kilichobaki. Kisha akauliza kwa nini tulichelewa. Mama alimweleza habari za plagi na blanketi, na daktari hakucheka. Anko Ouma aliposikia, alikuja akakaa kwenye jiwe la kufulia pale uani na kujishika kichwa. Alirudia jambo moja tu, kwamba alifungua kila kitu cha gari lile, kila kitu. Hapakuwa na wa kulaumiwa, na labda ndiyo maana uchungu ule haukupata pa kwenda. Matone hayakuweza kulinda kitu. Kufikia mavuno ya mahindi, Baba alikuwa anatofautisha dirisha na ukuta, basi. Pijo ilichukuliwa na mtu wa Mulot. Mimi nilikimbia nyuma yake mpaka njia panda, nikarudi nimevaa kiatu kimoja, na hakuna aliyenigombeza.

Nyumba ilibadilika. Utani wa maneno ulikufa siku ile ya langoni. Mama hakumcheka Baba tena kwa neno lolote, na nilihisi kwamba Baba aliukosa utani ule karibu kama alivyoyakosa macho. Akawa mtu wa kukaa kwenye kiti karibu na ua, akiyasikiliza magari ya barabarani. Aliyajua yote. Alisema lile ni la daktari wa mifugo, lile limebeba mawe, yule kijana anaua klachi. Jioni nilipotoka shule nilikaa naye tukayajadili, na hapo ndipo maoni yangu yote yalipoanzia. Yeye ndiye aliyeniambia, Probox zilipoanza kujaa huku kwetu, kwamba gari hilo halina majivuno, linafanya kazi bila kuomba kusifiwa, na mimi nimeliandika hilo kwa maneno mengi zaidi nikalipwa.

Sasa barabara yetu ina lami. Ukungu bado unakuja, ila magari yana taa kali zinazomchoma machoni anayekuja, kila dereva akiona vizuri na kumpofusha mwenzake, na nimeshalipigia kelele jambo hilo mpaka wasomaji wamenichoka. Maziwa yanabebwa kwa bodaboda. Presha ya macho inapimwa hata kwenye zahanati, kwa dakika chache, na mara ya kwanza nilipoketi kwenye mashine hiyo nililia mpaka nesi akaniuliza kama inauma. Mimi naendesha haibridi. Nimelisifu gari hilo hadharani: halinywi mafuta, halipigi kelele, likitoka kwa betri huwezi kujua kama limewaka. Nilisema huo ndio ustaarabu.

Mwezi uliopita nilikwenda kuwaona. Jioni Baba alinisindikiza hadi langoni, mkono mmoja kwenye fimbo, Mama akiwa amebaki ndani na sufuria jikoni. Mvua ilikuwa inaanza. Tuliagana, akanishika kichwa kama anavyofanya, nikaingia, nikapandisha kioo, nikaliacha gari lishuke lenyewe kwenye lami. Nilikuwa nimefika karibu na kona nilipotazama nyuma kwenye kioo. Baba alikuwa bado amesimama pale pale, ameinama kidogo kuelekea mahali lilipokuwa dirisha langu, mkono umeinuliwa, anaongea. Alisema jambo, akacheka, akanyamaza kidogo kama mtu anayemwachia mwenzake nafasi ya kujibu, kisha akaendelea. Mvua ilimnyeshea mabegani. Nilisimamisha gari nikapiga honi mara moja. Baba akakatiza neno katikati, akaugeuza uso kuifuata sauti kule mbali, na mkono wake ukashuka.