Matusi ya Mama Kitheka

Habiba Nurudin alikuwa fundi wa cherehani mjini Machakos, akishona sare za shule na mabuibui katika chumba kimoja nyuma ya msikiti. Hakuna aliyewahi kumsikia akitukana. Sindano ikimdunga kidole alivuta pumzi, akafuta damu, akaendelea na pindo.

Mwaka 2005 binti yake Layla, aliyekuwa darasa la sita, alianguka kifafa kwenye gwaride la asubuhi. Watoto wakatawanyika. Mwalimu mmoja akasimama mbali akipiga kelele kwamba asiguswe, povu linaambukiza. Tangu siku hiyo Layla alitengewa kikombe chake pale shuleni, kikatiwa alama ya rangi nyekundu. Habiba alikwenda kulalamika, akajibiwa kwa upole kwamba wazazi wengine wana wasiwasi. Alirudi dukani akashona mpaka jioni.

Duka la intaneti lilikuwa mlango wa tatu kutoka kwake. Alianza kuingia humo kusoma habari za ugonjwa, na mwaka uliofuata akafungua kundi la barua pepe la wazazi na jamaa wa wenye kifafa. Alilipa jina Hatuanguki Peke Yetu. Watu walikuja mmoja mmoja: Kamanthe, nesi mstaafu aliyehamia Syokimau kwa mwanawe, Mzee Jeremiah, katekista wa Mitaboni ambaye mkewe alikuwa mgonjwa tangu usichana, na wengine wengi ambao Habiba hakuwahi kuwaona uso. Kila barua ilifika kwake kwanza, naye ndiye aliyeipitisha iwafikie wote au kuifuta. Sheria aliyoiweka juu kabisa ilikuwa fupi: hapa hakuna matusi.

"Watu wetu wametukanwa vya kutosha huko nje," aliwaandikia. Hakuna aliyebisha.

Jumamosi moja alikuta barua ya Kalunde, mama yake Kitheka, mwalimu wa chekechea kutoka Kola, ambaye kwa kawaida aliandika kidogo na kwa adabu. Barua hii ilianza hivi: "Mavi ya ugonjwa huu. Mavi. Na hao mbwa wa nyumbani kwangu waliosimama wakiangalia, mama zao..." Habiba hakufika mwisho wa mstari ule. Alihisi uso ukimchoma, akageuka kuona kama kijana wa kompyuta ya jirani ameona. Akaifuta. Kisha akamwandikia Kalunde kwamba anaelewa ana hasira, lakini sheria ni ya wote, aandike tena akishatulia.

Kalunde hakuandika tena.

Wiki zilipita. Habiba alimkumbuka mara mojamoja, akajiambia labda mtandao unasumbua, labda amekasirika na yatapita. Halafu akampeleka Layla kliniki katika hospitali ya mjini kuchukua dawa. Kwenye benchi aliketi mwanamke mwembamba mwenye sweta ya kijani, na mwanawe wa miaka minane hivi. Mkono wa kulia wa mtoto ulikuwa umepona vibaya: vidole vitatu vilishikana pamoja kwa ngozi nyororo ya waridi, vikajikunja kuelekea kiganjani. Nesi alipoita jina la Kitheka wa Kola, Habiba alishtuka.

Alingoja mpaka walipotoka.

"Samahani, mama. Wewe ni Kalunde? Mimi ni Habiba. Wa kundi."

Kalunde alimtazama, kuanzia mtandio mpaka viatu. "Kumbe ni wewe Mama Layla," alisema. "Nilidhani wewe ni mtu mzee."

"Mkono wa mtoto ulipatwa na nini?"

"Si nilikuandikia?"

Layla na Kitheka walikuwa tayari wanagawana pakiti ya biskuti penye ngazi. Kalunde akashusha sauti, si kwa hasira, bali kama mtu aliyechoka kurudia jambo.

"Aliangukia moto jikoni. Mimi nilikuwa shule. Kulikuwa na watu wazima pale nyumbani, shemeji zangu, na hakuna aliyemshika. Wanaogopa povu. Alitolewa na jirani aliyesikia harufu. Harufu, Mama Layla." Akatazama kule penye ngazi. "Kwa zahanati wakafunga mkono wote pamoja kama furushi. Nyumbani siwezi kusema kitu, mama mkwe yuko, na kanisani wananiambia nishukuru kwa kila jambo. Nikasema nitakuja mji kwa intaneti niwaambie nyinyi. Nikatukana, ndiyo. Lakini huko chini nilikuwa nimeuliza: vidole vimeanza kushikana, nifanye aje? Nilirudi Jumamosi iliyofuata kuangalia kama kuna mtu amenijibu."

"Sikuisoma yote," alisema Habiba.

"Nilijua."

"Kamanthe ni nesi. Angekujibu siku hiyohiyo."

"Hata hilo nilijua. Ndiyo sababu niliuliza."

Habiba aliinama akafunika uso kwa ncha ya mtandio, pale pale kwenye ujia wa hospitali, watu wakipita na mafaili yao. Kalunde hakumbembeleza, lakini hakuondoka pia. Mwishowe akasema daktari amewaambia kuna upasuaji wa kutenganisha vidole, wawe na subira.

Habiba alimwomba aitume tena barua ile, naye aipitishe. Kalunde alikubali kwa sharti moja. "Usiipunguze," alisema.

Barua ilikwenda kwa wote, na matusi yake yote, na chini yake Habiba akaeleza alichofanya. Kamanthe alijibu kwanza, akieleza mazoezi ya kunyoosha vidole kabla ya upasuaji. Wengine wakafuata, baadhi kwa maneno makali kuliko ya Kalunde, kana kwamba bwawa limepasuka. Mama mmoja alimtukana mkuu wa shule kwa aya tatu, akamalizia kwa kusema kwamba leo amepata usingizi.

Mzee Jeremiah ndiye aliyepinga, akampigia Habiba simu.

"Mwanangu, usinione mkali," alisema. "Mke wangu akipita sokoni Mitaboni anaitwa majina siwezi kukutajia. Jioni namsomea barua za kundi kwa sauti, maana macho yake ni mabaya. Ni mahali pamoja tu ambapo hasikii tusi. Sasa nimsomee nini?"

Habiba aliona kwamba mzee naye ana haki yake. Walizungumza kwa muda mrefu. Alipofungua duka siku iliyofuata bado alikuwa akiyawaza, akakosea kukata kola mara mbili.

Mwishowe alibadilisha sheria. Mtu aruhusiwe kuutukana ugonjwa, na moto, na dunia ilivyompata, lakini asimtukane mwenzake wa kundi hata kidogo. Na barua yenye maneno hayo iandikwe juu, Maneno Makali, ili asiyetaka aiache. Jeremiah hakufurahi, lakini alibaki. Hakuwahi kufungua barua yenye alama hiyo. Ila alimwandikia Kalunde peke yake, akimweleza jinsi alivyomjengea mkewe meko ya kuinuliwa yenye ukuta mdogo mbele, kisha akaenda Kola mwenyewe na tope na matofali akamjengea kama hayo.

Kitheka alipasuliwa mwaka uliofuata. Kidole kimoja kilibaki kimekunjika, lakini aliweza kushika kalamu. Layla alimaliza darasa la nane akiwa bado na kikombe chake, shule haikubadilika.

Habiba mwenyewe hakuwahi kuandika tusi. Lakini kila barua sasa aliisoma mpaka neno la mwisho, hata zile zilizomfanya atazame nyuma kuona ni nani amekaa karibu. Akifika mwisho alinong'ona "Astaghfirullah", kisha akabonyeza kuipitisha.