Vipimo Vyangu katika Daftari la Fundi

Krrr. Sauti hiyo ilinishtua nilipokuwa nikiwasilisha utafiti wangu wa uzamili hapa Gitega, kwa sababu mwaka jana nilikuwa nikisikia sauti zisizokuwapo. Wenzangu walipocheka, nilifarijika kwamba nao wameisikia: ulikuwa mshono wa sketi yangu uliofumuka.

Sketi hiyo ilishonwa miezi minne tu iliyopita, hivyo nikahitimisha kwamba fundi, Mkongo mpole wa sokoni, alinipunja kitambaa. Nikamshtaki mbele ya wateja wake, hoja baada ya hoja. Akanizungushia futi yake ya kupimia kiunoni, kisha akafungua daftari lake.

“Dada, ulikuwa sabini na mbili. Sasa iko themanini na tisa. Kitambaa iko ileile, ni we uliongezeka.”

“Hawa waliorudi toka Tanzania wananenepa na amani,” mteja mmoja akaongeza, akitambua Kiswahili changu cha kambi ya wakimbizi.

Nikahesabu. Miezi minne ndiyo umri wa vidonge vilivyonyamazisha zile sauti. Ni vidonge, ni amani, au ni maandazi? Niviache? Na sauti zikirudi? Futi ikiwa bado kiunoni, nikampigia muuguzi aliyenianzishia dawa kule nyumbani Muyinga: “Dada, kabla sijaacha vidonge, naomba nikuulize jambo kuhusu sketi.”